Muswada wa Jimbo Ukiwa Njiani: Jiji Litunge Haraka, Lingoje, Likabembeleze au Liende Mahakamani?

Tarehe 23 Februari 2016, madiwani wa Birmingham, Alabama, walipitisha kima cha chini cha mshahara cha dola 10.10 kwa saa, kianze kesho yake. Mwaka uliotangulia walikuwa wamekubaliana kifikiwe polepole hadi katikati ya 2017. Waliharakisha kwa sababu kule Montgomery, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, bunge la jimbo lilikuwa linaukimbiza muswada wa kuzuia miji yote ya Alabama kujipangia mishahara. Tarehe 25 gavana Robert Bentley akausaini. Nyongeza ya Birmingham ikaishi siku moja, na wafanyakazi wakarudi kwenye dola 7.25 za serikali ya shirikisho, maana Alabama yenyewe haina kima chake.

St. Louis, Missouri, nao waliwahi. Walitunga sheria ndogo ya mshahara mwaka 2015, ikakwama mahakamani, ikaachiwa Februari 2017, na tarehe 5 Mei watu wakaanza kulipwa dola 10. Bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuifuta. Tarehe 28 Agosti mwaka huohuo kima kikashuka hadi dola 7.70.

Berkeley, California, wapiga kura walipitisha kodi ya soda Novemba 2014, senti moja kwa kila aunsi. Juni 2018 gavana Jerry Brown akasaini sheria ya kuzuia miji kuanzisha kodi za namna hiyo hadi mwanzo wa 2031. Kodi ya Berkeley haikuguswa. Sheria ile iliwafungia mlango waliokuwa nje na kuwaacha waliokwisha kuingia.

Wote watatu waliwahi. Mmoja alipata siku moja, wa pili miezi mitatu na ushei, wa tatu bado anakusanya. Ndiyo maana mtu akiuliza, "Muswada uko njiani, jiji letu lifanye nini?", kumwambia "wahini" hakutoshi, na "subirini tuone" hakutoshi vilevile. Ulinganisho huu nimewaandikia wasemaji wenzangu wa Kiswahili tulio Marekani, hasa walio kwenye kamati za mtaa, vyama vya wapangaji, makanisa na misikiti inayotuma watu kwenye vikao vya baraza la jiji, na wale wachache walioanza kufikiria udiwani. Mimi naishi Texas, kwa hiyo mtaniwia radhi Texas ikijirudia.

Kwanza, kwa nini jimbo lina ubavu huo

Katiba ya Marekani haitaji miji hata mara moja. Inataja shirikisho na majimbo, basi. Jaji John Dillon wa Iowa alisema mwaka 1868 kwamba mji una mamlaka yale tu ambayo jimbo limeupa. Mwaka 1907, katika kesi ya Hunter dhidi ya Pittsburgh, Mahakama ya Juu ya Marekani ikagongomea msumari: jimbo linaweza kuiunganisha miji, kuigawa, hata kuifuta, wakazi wapende wasipende. Kesi ilihusu Allegheny, mji uliomezwa na Pittsburgh ingawa wakazi wake wengi walikataa. Mtanzania anayekumbuka Februari 2021, Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilipovunjwa na Ilala kupandishwa kuwa jiji, hahitaji kuchorewa picha.

Majimbo mengi yamelegeza kamba tangu hapo. Missouri ilitangulia mwaka 1875 kuandika katika katiba yake kwamba mji mkubwa unaweza kujiandikia hati yake na kujitawala. Texas ikafuata mwaka 1912, na leo mji wenye watu zaidi ya 5,000 unaweza kuchukua hadhi hiyo. Lakini hati ya jiji ni kinga ya mvua za rasharasha. Bunge la jimbo likitamka waziwazi kwamba jambo fulani ni lake, hati hailizuii.

Kuna jambo watu hawalioni: muswada huanza kufanya kazi kabla haujapita. Miji ya California huanza mwaka wake wa fedha Julai 1, wakati gavana anaweza kusaini miswada hadi Septemba au Oktoba. Yaani bajeti inapitishwa huku sheria itakayoitikisa bado iko mezani kwa mtu mwingine. Wanasheria wa jiji wanaacha kazi nyingine na kusoma rasimu zinazobadilika kila wiki. Mkataba unaahirishwa. Diwani aliyeahidi jambo kwenye kampeni anaanza kusema "tunasubiri ushauri wa kisheria". Ukisikia maneno hayo barazani kwako, uliza ni muswada gani.

Vitu vinne vya kusoma kwenye muswada kabla ya kuchagua

Cha kwanza ni tarehe ya kuanza kutumika. Birmingham waliuawa na tarehe, kwa kuwa muswada wao ulianza mara tu uliposainiwa. Texas kuna kanuni nzuri ya kujua: sheria isiyopata theluthi mbili ya kura katika mabunge yote mawili haiwezi kuanza kabla ya siku ya 91 tangu kikao kufungwa. Bunge lao hukaa siku 140 tu, mwaka wa namba witiri, likaisha mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni. Ndiyo sababu sheria nyingi za Texas huanza Septemba 1, na kuna kiangazi kizima cha kujipanga katikati.

Cha pili ni kifungu cha waliotangulia. Je, sheria ndogo zilizokwishapitishwa zinabaki au zinafutwa? Mara nyingi ni mstari mmoja, umejificha karibu na mwisho, na ndio wenye thamani kuliko kurasa zote zilizobaki.

Cha tatu, muswada unafunga jambo moja au uwanja mzima? Muswada wa kuzuia miji kupiga marufuku mifuko ya plastiki unajulikana mwisho wake. Muswada namba 2127 wa Texas, wa mwaka 2023, haukuwa hivyo. Ulisema mji hauwezi kutunga kanuni katika uwanja wowote unaoshikwa na sheria za jimbo za kazi, kilimo, biashara, fedha, bima, mali, maliasili na kadhalika, isipokuwa pale uliporuhusiwa waziwazi. Wapinzani waliupachika jina la silaha ya kwenye filamu iliyoweza kulipua sayari nzima. Mtunzi wake, Dustin Burrows wa Lubbock, mwaka 2025 alichaguliwa kuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la Texas.

Cha nne, nani anaadhibiwa? Hapa watu hujikwaa sana. Arizona, kwa sheria ya mwaka 2016, mbunge yeyote mmoja anaweza kumwomba mwanasheria mkuu wa jimbo achunguze sheria ndogo ya mji, na mji ukikutwa na kosa na ukakataa kurekebisha, unakatiwa mgawo wake wa mapato ya jimbo. Bisbee, kamji ka wachimbaji wa zamani wa shaba kenye watu kama elfu tano, kalikuwa kamepiga marufuku mifuko ya plastiki. Kalipoangalia mgawo wake, kakaondoa marufuku hiyo mwaka 2017. Florida imekwenda mbali zaidi katika suala la bunduki. Tangu 2011 diwani au meya anayepitisha kanuni ya silaha kwa makusudi anaweza kutozwa yeye binafsi hadi dola 5,000, bila kutumia wanasheria wa umma, na gavana anaweza kumwondoa. Usimlaumu diwani wako kwa woga kabla hujasoma kifungu hiki.

Njia ya kwanza: kutunga haraka

Faida yake si ya kubeza hata pale inaposhindwa. Wafanyakazi wa St. Louis waliopokea dola 10 kuanzia Mei hadi Agosti walipokea fedha halisi, hakuna aliyewaambia wazirudishe. Na kima kiliposhuka, wanaharakati walipita duka kwa duka wakiwaomba waajiri wasipunguze, na baadhi walikubali. Mtu akishaonja nyongeza, kuimega ni aibu ya mwajiri mbele ya wateja.

Njia hii inang'aa zaidi kwenye mapato. Mwaka 2019 Texas ilipitisha sheria ya kodi ya majengo. Kabla yake mji ungeweza kuongeza mapato ya kodi hiyo kutoka mali zilizokuwepo kwa hadi asilimia 8 kwa mwaka kabla wapiga kura hawajapata nafasi ya kuipinga. Sheria mpya ikashusha kiwango hicho hadi asilimia 3.5, kuanzia mwaka wa kodi wa 2020. Austin ilihesabu vidole, ikaona mwaka mmoja umebaki, ikapitisha ongezeko la asilimia 8 Septemba 2019. Unaweza kukasirika kama ulikuwa mwenye nyumba Austin, na wengi walikasirika, lakini kwa hesabu ya jiji ule ulikuwa uamuzi safi. Kila asilimia 3.5 ya baadaye imehesabiwa juu ya msingi mkubwa zaidi.

Ubaya wake ni kuchokoza. Februari 2016 Charlotte, North Carolina, ilipitisha sheria ndogo ya kupinga ubaguzi iliyogusa pia matumizi ya vyoo kwa watu waliobadili jinsia. Tarehe 23 Machi bunge la jimbo likaitwa kikao maalumu, na ndani ya siku moja muswada ukasomwa, ukapita mabunge yote mawili na kusainiwa na gavana Pat McCrory. Acha upande gani wa suala lile unaouunga mkono. Angalia ukubwa wa jibu. Sheria ile haikufuta kanuni ya Charlotte peke yake. Ilizuia miji yote ya jimbo kutunga kanuni zake za ubaguzi, na ndani yake wakachomeka katazo la miji kuwapangia waajiri binafsi mishahara. Miji mingine ya jimbo, kama Raleigh na Durham, ililipa deni isilokopa. Ligi ya mpira wa kikapu, NBA, ikaondoa mchezo wake wa nyota wa 2017 Charlotte na kuupeleka New Orleans, na Novemba McCrory akashindwa uchaguzi. Jambo la kustaajabisha ni kwamba huyu McCrory alikuwa meya wa Charlotte miaka 14. Sheria ilifutwa Machi 2017, lakini hata iliyoifuta iliendelea kuifunga miji mikono hadi Desemba 2020.

Kwenye ardhi na ujenzi kutunga haraka kumekuwa kichekesho mara nyingi. California ilipopitisha sheria ya kuruhusu nyumba pacha kwenye viwanja vya nyumba moja, kuanzia Januari 2022, mji wa matajiri wa Woodside ulitangaza kwamba eneo lake lote ni makazi ya puma, mnyama anayetaka kulindwa, kwa hiyo haiwezekani kujengwa. Mwanasheria mkuu wa jimbo, Rob Bonta, akawaandikia barua. Puma wakasahaulika ndani ya siku chache.

Njia ya pili: kungoja

Inaonekana ni ya busara na ya gharama nafuu. Hutumii mwanasheria, humchokozi mtu, na ikitokea muswada umefia kwenye kamati, kama inavyofia mingi kuliko inayopita, unaendelea na mipango yako.

Tatizo ni kwamba kungoja nako kuna mlipaji. Miami-Dade (hii ni kaunti, lakini mambo ni yale yale) mwaka 2023 ilikuwa na rasimu ya kuwalinda wafanyakazi wa mashambani na wa ujenzi dhidi ya joto, yaani maji, kivuli na mapumziko ya dakika 10. Novemba wakaahirisha kura hadi Machi 2024. Machi bunge la Florida, katika siku ya mwisho ya kikao, likapitisha katazo la kanuni za joto za miji na kaunti, na Aprili gavana Ron DeSantis akasaini, sheria ianze Julai 1. Rasimu ya Miami-Dade ikazikwa bila kura. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa tumbo lililoumia ni la mchuma nyanya wa Homestead, wala si la mjumbe aliyeahirisha.

Je, wangepitisha Novemba ingesaidia? Sheria ya jimbo ingeifuta Julai vilevile. Lakini wangepata miezi kadhaa, na muhimu zaidi wangewalazimisha wabunge kufuta mapumziko ambayo watu wanayatumia. Kufuta haki iliyokwisha kuanza ni kura ngumu kuliko kuzuia isianze. Wabunge wanalijua hilo, ndiyo maana hupenda kuwahi.

Mimi naona kungoja kunafaa mahali pawili tu: pale adhabu inapomwangukia diwani binafsi au mgawo wa mji mdogo, na pale ambapo kutunga kwako kutawapa wabunge kisingizio cha kufunga uwanja mzima kwa majirani zako.

Njia ya tatu: kwenda kubembeleza

Hii ndiyo njia isiyo na picha nzuri za televisheni, na ndiyo inayozaa matunda mengi. Miji mikubwa ina washawishi wake wa kuajiriwa; midogo hutegemea vyama kama Texas Municipal League au League of California Cities. Wananchi nao wana nafasi yao kwenye vikao vya kamati, ambako yeyote anaweza kujiandikisha kusema.

Nimewahi kwenda. Nilijiandikisha asubuhi, nikaitwa saa nne usiku, nikapewa dakika mbili, na mwenyekiti wa kamati hiyo alikuwa anakula karanga. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya haki na historia. Mama mmoja aliyenitangulia hakuwa na hotuba. Alisema: "Sheria ndogo yetu ilianza mwaka jana. Ongezeni mstari mmoja kwamba zilizokuwepo kabla ya Januari zinabaki." Msaidizi wa mbunge akainua kichwa, akaandika. Yangu hakuandika mtu.

Kosa kubwa la wajumbe wa miji ni kwenda kuua muswada. Chama chenye wingi bungeni kikishaamua, muswada hauuliwi na hotuba. Unachoweza kupata ni kimojawapo kati ya vile vinne nilivyotaja: tarehe isogee mbele, waliotangulia waachwe, uwanja ufinywe, adhabu ipungue. Sheria ile ya kodi ya Texas ilianza na pendekezo la asilimia 2.5 kwa miji, ikaishia 3.5. Asilimia moja ya ongezeko la kodi ya majengo ya Houston au Dallas, kila mwaka, si fedha ndogo. Mkono usioweza kuukata, ubusu.

Los Angeles walichagua vingine mwaka 2025. Muswada namba 79 wa seneta Scott Wiener, wa kuruhusu maghorofa karibu na vituo vya treni na mabasi ya kasi, ulipokuwa njiani, baraza la jiji lilipiga kura 8 kwa 5 kuupinga. Ukapita, na Oktoba gavana Gavin Newsom akausaini. Rasimu ilikuwa imebadilishwa mara nyingi njiani, na mji ukaachiwa mlango wa kutunga mpango wake mbadala ilimradi nyumba zifikie idadi. Mlango huo haukutokana na kura ya kupinga. Ulipatikana mezani, ambako watu walikuwa wakijadiliana mistari huku barazani wenzao wakipeana hotuba.

Tahadhari moja. Texas wamejaribu mara kwa mara kupiga marufuku miji kutumia fedha za walipa kodi kuajiri washawishi. Muswada wa 2019 ulipita Seneti ukaangukia Baraza la Wawakilishi, na tangu hapo umerudi tena na tena. Siku ukipita, wananchi wanaojigharimia nauli kwenda Austin ndio watakaobaki kuwa sauti ya miji midogo.

Njia ya nne: mahakamani

Watu huipenda kwa sababu inaonekana ya kiume. Hesabu za miaka ndizo hizi.

Pittsburgh walipitisha likizo ya ugonjwa yenye malipo mwaka 2015. Wakashindwa mahakama ya kwanza, wakashindwa ya pili, wakashinda Mahakama ya Juu ya Pennsylvania Julai 2019. Ikaanza kutumika 15 Machi 2020, wiki ileile korona ilipofunga nchi. Miaka mitano kasoro miezi michache, na haijawahi kuhitajika kuliko siku ilipoanza.

Houston waliishtaki Texas Julai 2023 juu ya ule muswada 2127. San Antonio na El Paso wakajiunga. Tarehe 30 Agosti, siku mbili kabla sheria kuanza, jaji wa Kaunti ya Travis akasema inavunja katiba ya jimbo. Shangwe. Jimbo likakata rufaa, sheria ikaanza, na Julai 2025 mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu kwa hoja kwamba miji haikuwa na hadhi ya kulishtaki jimbo katika jambo hilo. Swali la msingi haikuligusa. Alabama vivyo hivyo: wafanyakazi wa Birmingham walianza kupata matumaini 2018, na Desemba 2019 mahakama ya rufaa ya shirikisho, ikiwa na majaji wake wote, ikawaambia mwanasheria mkuu wa jimbo waliyemshtaki siye mhusika.

Ona kinachojirudia hapo. Kesi kama hizi mbili za mwisho hufa mlangoni, kabla haki yenyewe haijajadiliwa. Kwa hiyo ukiona jiji lako linatangaza kwenda mahakamani, uliza kwanza: tunamshtaki nani, na ni nani hasa anayetekeleza sheria hii? Kama utekelezaji umeachiwa watu binafsi kuishtaki miji, jimbo litasema "mimi simo".

Njia ambayo si ya jiji: kura ya wananchi wa jimbo zima

Hii haimo kwenye mamlaka ya baraza, lakini ndiyo iliyowaokoa St. Louis. Novemba 2018 wapiga kura wa Missouri walipandisha kima cha jimbo lote hatua kwa hatua hadi dola 12 ifikapo 2023. Bunge lilikuwa limewanyima watu wa mji mmoja dola 10. Likapata jimbo zima kwenye 12.

Lakini chagua chombo. Mwaka 2024 Missouri hao hao walipitisha dola 15 pamoja na likizo ya ugonjwa kwa kura ya sheria ya kawaida, na mwaka 2025 bunge likaifuta hiyo likizo. Florida, ambako miji imefungwa mikono juu ya mishahara tangu 2003, wananchi walipeleka dola 15 kwenye katiba ya jimbo mwaka 2020 na kupata zaidi ya asilimia 60 zilizotakiwa. Bunge halina mkono wa kuigusa. Na kumbuka ni takribani nusu tu ya majimbo yanayowaruhusu wananchi kupeleka hoja zao kwenye kura. Texas haimo. Alabama na North Carolina hazimo.

Kwa ufupi wa macho:

| Njia | Muda wa kuona matokeo | Anayelipa ikishindwa | Ichague pale |
|---|---|---|---|
| Kutunga haraka | Siku hadi miezi | Majirani, wakati mwingine diwani | Kuna mapato ya mwaka huu, au kifungu cha waliotangulia |
| Kungoja | Hakuna | Wale ambao kanuni ingewalinda | Adhabu ni ya mtu binafsi au mgawo wa mji mdogo |
| Kubembeleza | Kikao kimoja | Hakuna, ila nauli na usiku wako | Karibu kila mahali |
| Mahakamani | Miaka 2 hadi 5 | Hazina ya jiji | Kuna mshtakiwa wa wazi na katiba ya jimbo inatamka |
| Kura ya jimbo | Miaka 1 hadi 2 | Wakusanya saini | Jimbo linaruhusu, na ikiwezekana kwenye katiba |

Ningechagua nini

Kama ni diwani wa mji mdogo Arizona au Florida na muswada una adhabu, nisingetunga. Ningepanda gari hadi makao makuu ya jimbo na ombi la mstari mmoja mkononi.

Kama ni jiji kubwa na jambo ni fedha, ningefanya kama Austin bila kuona haya, kisha niwaeleze wapiga kura kwa nini.

Kama ni ulinzi wa wafanyakazi, ningetunga hata kama najua utafutwa, ilimradi kuna angalau miezi mitatu kabla ya tarehe. Siku moja ya Birmingham ilikuwa habari ya gazeti. Miezi mitatu ya St. Louis ilikuwa mshahara, na mwaka uliofuata ikawa hoja ya kampeni iliyoshinda. Ningeanza kukusanya saini wiki ileile, kama jimbo linaruhusu.

Kama ni ardhi na nyumba, nisingekimbilia puma. Miswada ya nyumba siku hizi inaungwa mkono na wabunge wa vyama vyote viwili, na mji unaoonekana unakwepa hupoteza hata lile uliloweza kujadiliana. Texas yenyewe mwaka 2025 iliilazimisha miji mikubwa kuruhusu maghorofa ya kuishi kwenye maeneo ya biashara. Kwa mpangaji Mkongo wa Dallas au Mkenya wa Fort Worth, huenda katika hili jimbo lina maana kuliko jiji lake, na ni vizuri akalisema hilo barazani badala ya kudhani siku zote jiji ndilo rafiki.

Texas hupokea miswada kuanzia Jumatatu ya kwanza baada ya uchaguzi mkuu wa Novemba, wiki kadhaa kabla bunge halijakaa Jumanne ya pili ya Januari. Inasomeka bure mtandaoni kwenye ukurasa wa bunge siku hiyohiyo. Fungua, andika jina la jiji lako au neno "municipality" kwenye kisanduku cha kutafutia, halafu shuka moja kwa moja hadi vifungu vya mwisho.